Mfasiri wa Papa Bokungu

Émerence alizaliwa katika kambi kubwa ya jeshi, nje ya Kamina, baba yake akiwa sajini. Kilingala, lugha ya askari, alikipata akiwa bado mgongoni. Kiluba alifundishwa na mama yake, na Kiswahili alikipata kwa kila mtu. Alipoolewa na Mbuyi, fundi wa reli, alihamia mjini kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, na huko watu wakazoea kumwita pale penye mgeni asiyeeleweka.

Papa Bokungu, mhubiri aliyeitwa hivyo kwa heshima, alifika miaka michache baada ya vita vya mkoa wa Shaba. Alikuwa askari zamani, mtu wa mkoa wa Equateur, na sauti yake ilikuwa ya chini kiasi kwamba watu walilazimika kunyamaza ili wamsikie. Hakupiga ngoma, hakukemea pepo. Alifundisha jambo moja tu: uamke alfajiri, ukae chini kwenye mkeka, useme, “Bwana, niko hapa,” kisha unyamaze mpaka moyo utulie. Wafuasi wake wakaitwa Bantu ba Kimya, yaani watu wa kimya. Lakini Papa alijua Kilingala peke yake, na wake wa watu wa reli hawakukisikia. Ndipo akatafutwa Émerence.

Kila Jumapili alisimama kando yake kwenye hangari, banda la zamani karibu na reli walikosali. Papa akisema kwa Kilingala, yeye alisema kwa Kiswahili. Ilifika mahali wanawake wakirudi nyumbani, wakimwita kwa jina la mwanawe, walisema, “Mama Ève ametufundisha vizuri leo,” naye akaona haya, ila moyoni alifurahi.

Kisha surua ikaingia Kamina. Ilimchukua Ève, mtoto wake wa pekee. Jirani yake Mathilde, mjane aliyemzidi umri, ambaye Émerence alimwita Yaya, dada mkubwa, alikaa naye tangu homa ilipoanza, akimpangusa mtoto kwa kitambaa cha maji, akimlazimisha kumeza uji kidogo kidogo. Pumzi ilipokatika, Mathilde ndiye aliyemfumba macho, maana mama mwenyewe mikono ilikataa.

Baada ya maziko Papa Bokungu alikuja, akaketi chini vumbini pamoja na Émerence. “Mungu hakukunyang’anya,” alimwambia. “Amemwita kwa kumpenda. Ukinyamaza asubuhi, utajua kwamba hayuko mbali.”

Émerence alilishika neno lile. Alfajiri alikaa kwenye mkeka, akasema yale maneno machache, akanyamaza. Na kweli, ndani ya ule ukimya alikuta kitu kilichombeba. Uchungu haukuondoka, ila haukumwangusha tena.

Watoto wengine wakaendelea kufa, na wazazi wakaanza kuuliza maswali ambayo Papa hakuweza kuyajibu. Jumapili moja alisimama, akatamka kwa Kilingala:

“Kati yetu yuko mwanamke anayekula watoto. Ni Mathilde. Alianza na Ève.”

Mathilde alikuwa ameketi mstari wa pili. Hakuwa amesikia ila jina lake. Akainua uso, akamtazama Émerence, akingoja aambiwe, kama ilivyokuwa siku zote.

Kinywa cha Émerence hakikufunguka.

“Mama Ève, fasiri,” Papa alisema.

“Papa,” alimjibu polepole kwa Kilingala, “uliniambia Mungu ndiye aliyemwita.”

“Siku ile nilikuwa nakufariji. Leo nasema kweli.”

“Na siku zote mbili ulisema kwa jina la Mungu.”

Papa hakumtazama tena. Akamwita Kapenda, mke wa askari mmoja, naye Kapenda akasimama akayasema yote kwa Kiswahili, mpaka la mwisho. Macho ya Mathilde yalikuwa bado usoni mwa Émerence. Yakatoka hapo taratibu, yakashuka chini.

Émerence alirudi nyumbani, akajilaza, akajifunika. Kesho yake mlango wa Mathilde ulivunjwa na sufuria zake zikatupwa njiani. Mathilde akapanda treni ya Kabongo, kwenda kwa kaka yake. Émerence aliambiwa na majirani, treni ikiwa imekwisha kuondoka.

Jioni alimwambia mumewe kwamba hatarudi hangarini.

“Kama haiko ule mama,” Mbuyi aliuliza, “nani aliua mutoto yetu?”

“Surua, Mbuyi.”

“Surua.” Alilirudia neno kama mtu aliyepewa chakula kisichoshibisha. “Surua haina uso. Minyi siwezi kukasirikia kitu haina uso.”

Mbuyi akaendelea kwenda hangarini. Waliishi nyumba moja, wakala sahani moja, lakini jina la Ève halikutajwa tena baina yao. Hata Papa Bokungu alipohama Kamina na wafuasi wachache, bila kuaga, Mbuyi alisema Papa atarudi.

Émerence alijaribu kusali kwa namna nyingine. Alienda misa, akashika rozari, akaimba na wenzake. Lakini alfajiri ilipofika alijikuta mkekani, na maneno yaliyomjia yalikuwa yale yale ya Bokungu. Aliyaonea aibu. Aliyempa alikuwa amesema uongo, na bado ukimya ule haukuwa uongo. Hakujua la kufanya na jambo hilo, akaendelea kukaa.

Kiangazi kilichofuata alipanda treni kwenda Kabongo na chumvi na kitenge. Alimkuta Mathilde uani akimenya mihogo. Alikuwa amekonda.

“Umefika, Mama Ève.”

“Nimefika, Yaya.” Akaketi. Akaweka chumvi na kitenge mbele ya Mathilde, akasema, “Siku ile nilikatala kufasiri.”

“Najua. Niliona.” Mathilde hakuacha kumenya. “Nilikuwa naangalia weye tu. Nilisema mu moyo, Mama Ève atawaambia bantu nani alichunga mutoto yake.”

“Sikutaka maneno yake yapite mu kinywa yangu.”

“Njo vile. Ya kwake ulikatala. Na ya kwako, iliendaka wapi?”

 Émerence alichukua kisu kingine, akasaidia kumenya, na machozi yake Mathilde aliyaona akayaacha yatiririke.

Alilala pale. Alfajiri alitandika kitenge chake mwenyewe nje, akaketi. Mathilde alitoka na jembe begani, akasimama.

“Bado unaomba ile ya Bokungu?”

“Bado. Nilijaribu kuacha. Siwezi.”

“Minyi siombi tena,” Mathilde alisema. “Weye omba. Lakini usiniombee.” Akashika njia ya shamba.

Émerence alisema, “Bwana, niko hapa.” Akanyamaza. Moyo haukutulia. Alimngoja Mungu katika ule mchafuko, bila kuomba kitu, mpaka jua lilipogusa paa la nyasi. Kisha akakunja kitenge, akachukua jembe lililoegemea ukuta, akamfuata Mathilde shambani. Mathilde alimwonyesha kwa mkono tuta la kuanzia, akarudi kwenye kazi yake.