Robo Tatu ya Tangi

Mimi ni mwalimu wa fizikia, na huwaambia wanafunzi wangu kwamba mtu hudanganya, chombo hakidanganyi. Basi asubuhi ya sikukuu ya mavuno, mshale wa mafuta kwenye trekta letu dogo ulipolala kwenye sifuri, wakati shemeji alishaniambia ameacha tangi robo tatu, mimi niliusadiki mshale. Shemeji ni mdogo wake mume wangu, na ndiye aliyekuwa akitulimia kati ya mistari ya mizabibu hapa Nzuguni. Nilimuuliza mbele ya watu waliokuja kupakia magunia ya mtama, "Shemeji, dizeli imekwenda wapi?"

Aliweka ufunguo juu ya kiti akarudi kwao Kibakwe, na mtama ukaenda kanisani kwa bajaji. Miezi miwili ikapita hapigi simu. Mume wangu naye akawa mtu wa kunijibu "ndiyo" na "hapana" tu, na nyumba isiyo na utani mimi siiwezi.

Jumamosi moja nikasema liwalo na liwe. Niligeuza ufunguo bila kuwasha injini, nikachomoa waya wa geji ya mafuta pale kwenye tangi, nikaugusisha kwenye chuma cha bodi ya trekta. Mshale ulipaswa kuruka. Haukutikisika! Nikafanya vivyo hivyo kwa waya wa geji ya joto. Kimya. Hapo nikashtuka, maana geji mbili haziwezi kufa siku moja kama hazikulishwa sumu moja.

Nikawasha taa za dashibodi, kujaribu tu. Mishale yote miwili ikaruka juu! Nilipiga kigelegele hadi mume wangu akatoka mbio na fimbo, akidhani nimeona nyoka.

"Ni waya wa ethi!" nikamwambia. "Umeme umekosa njia ya kurudi, unapita kwa jirani, kwenye taa!"

"Mwalimu, kula kwanza," akasema.

Kula nani? Nilishafungua dashibodi kwa spana. Waya mweusi wa ethi ulikuwa mzima kabisa, umekazwa vizuri sana, juu ya rangi. Ethi inataka chuma kwa chuma. Na rangi hiyo ya bluu, iliyobaki tulipopaka milango, niliipaka mimi mwenyewe usiku wa kuamkia sikukuu ili trekta lipendeze kanisani. Nilifungua dashibodi, nikapaka mpaka kwenye tundu la bolti, nikafunga. Fundi aliyeharibu ni mimi.

Nilisugua kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, nikakaza bolti, nikageuza ufunguo. Mshale ukapanda taratibu, ukapita nusu, ukasimama. Robo tatu! Nilirukaruka, nikamkumbatia mume wangu kwa mikono ya grisi, akacheka kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Sikunawa hata mikono, nikapiga simu Kibakwe.

"Shemeji! Dizeli yako ipo yote! Ni rangi yangu, ilizuia ethi, nimeitengeneza mwenyewe, mshale unaonyesha robo tatu kamili!"

Akaniacha nimalize. Kisha akauliza, taratibu, "Siku ile, shemeji, ulishindwa nini kufungua mfuniko wa tangi ukachungulia?"

Mfuniko wenyewe unafunguka kwa vidole viwili, na nilikuwa nimesimama kando yake. Furaha yote ikanishuka miguuni.

"Nisamehe," nikasema. "Niliuamini mshale kuliko wewe."

"Nimekusamehe. Nitakuja kuwasalimia. Ila trekta utaendesha mwenyewe."

Nikadhani ni utani wake. Sasa anakuja kila mwezi, anakunywa chai, ananicheka kwa mashina mawili ya mizabibu niliyoyang'oa kwa kukata kona vibaya. Nikimnyooshea ufunguo, anashika kikombe kwa mikono yote miwili.