Karatasi Ambayo Si Viza

Saa mbili asubuhi, hatua arobaini kutoka lango la uhamiaji, mwanamke wa miaka hamsini na mitatu ameshika karatasi iliyotoka mashineni sasa hivi, naye anakataa kumkabidhi mteja aliyeiagiza.

"Hii si viza, kaka," anasema kupitia dirisha la kibanda chake. "Hii inasema ombi lako limepokelewa. Kupokelewa si kukubaliwa."

"Jina langu lipo, picha yangu ipo," anajibu mteja, fundi seremala aliyesafiri usiku kucha kwenda kumzika kaka yake ng'ambo ya mpaka. "Unataka na damu yangu?"

"Mtoe hiyo damu upesi, dada, na sisi tuna safari!" anadakia mtu wa nyuma kwenye foleni. Watu wanacheka. Mwanamke hacheki.

Wapitao hapa humwita Mama Karatasi. Kazi yake ni kuwachapia wasafiri viza walizoomba mtandaoni, kwa kuwa maofisa wa langoni hudai ushahidi unaoshikika, na simu iliyozimika haimvushi mtu. Kwa siku huchapa karatasi zipatazo sitini. Kila moja huisoma kuanzia juu hadi chini, kidole kikifuata mstari, ndipo huitoa.

Hakuwa hivyo zamani.

"Nilikuwa nachapa kama mtu anayepukuchua mahindi," anaeleza. "Ukileta, natoa. Anayefuata!"

Miaka mitatu iliyopita alimchapia mdogo wake wa kike, aliyekuwa na miadi ya kupasuliwa moyo katika hospitali ya nchi ya mbali. Barua pepe zilikuwa mbili: ya kwanza ilithibitisha ombi, ya pili ilibeba viza yenyewe. Akachapa ya kwanza. Mdogo wake, kwa kumwamini dada yake, aliikunja bila kuisoma, akapanda ndege peke yake. Alikotua, simu yake haikushika mtandao, na afisa hakuwa na subira. Alirudishwa kwa ndege iliyofuata.

Miadi mipya ilipangwa baada ya miezi minne. Hakuifikia.

"Waombolezaji waliniambia ni kazi ya Mungu," anasema, macho yakiwa juu ya mashine. "Mungu hakubonyeza hapa. Nilibonyeza mimi."

Seremala ameketi kwenye benchi, simu sikioni. Ombi lake lilitumwa na wakala wa mjini kwa barua pepe ya wakala mwenyewe, naye wakala hapokei. Mazishi ni saa nane mchana, na kutoka langoni hadi kwenye makaburi ni mwendo wa saa tatu.

Saa sita kasorobo, wakala anapokea. Sauti yake inasikika hadi dirishani.

"Ilitoka tangu juzi, mzee wangu! Kumbe sikukutumia?"

Seremala anamwambia aitume sasa hivi. Viza inaingia, mashine inanguruma, na Mama Karatasi anaisoma yote, akilinganisha namba ya pasipoti tarakimu kwa tarakimu, ingawa mwenye karatasi ameshanyoosha mkono dirishani.

"Nitakuta udongo mbichi, dada," anasema akiipokea. "Lakini nitafika."

Anaondoka mbio kuelekea langoni.

Mama Karatasi anakusudia kuihamishia mashine yake kwenye kituo cha mabasi cha mjini, mahali safari zinapoanzia. Amekwisha kumwendea msimamizi wa kituo mara mbili kuomba nafasi, na mara zote mbili ameambiwa arudi siku nyingine. Jumatatu atakwenda mara ya tatu.

"Wakininyima chumba, nitaomba nafasi ya kuweka meza kando ya ukuta," anasema. "Hapa mpakani ninalikuta kosa limekwisha kuiva. Kule nikimwambia mtu karatasi hii siyo, basi lake litakuwa bado halijaondoka."