Mashine Niliyotaka Baba Aione

Ujumbe wa baba uliletwa na dereva wa lori la samaki wakavu, mwishoni mwa kiangazi, siku chache kabla ya mvua za kwanza. Lori lilitoka Pweto na kupitia Lukafu, ambako baba alikuwa akilima peke yake tangu alipomaliza miaka yake ya ufundi mgodini na kutakiwa kuacha nyumba ya kambi. Dereva hakushuka. Alizungumza dirishani, injini ikinguruma.

“Baba yako anasema macho yake inafunga. Anasema ukuye akuone, mbele haiyafunga yote.”

“Nije kabla hayajafumba kabisa? Anaona kadiri gani sasa?”

“Miye si munganga, komi. Nimekuletea maneno tu.”

Akaondoka. Nilibaki barabarani nikipangusa vumbi usoni, na jambo la kwanza lililonijia akilini, nakiri, halikuwa macho ya baba. Lilikuwa injini moja ndogo.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na minne, karani katika ofisi ya bohari moja mjini Elisabethville. “Komi”, kama tulivyoitwa. Niliishi katika chumba cha mseja, katika mtaa wa mji huo uitwao Kenya. Mama alikwisha kufa, na sikuwa na ndugu mwingine. Baba alitaka niwe fundi wa kunyoosha vyuma kama yeye, lakini mapadri walinifundisha Kifaransa na hesabu, nami nikachagua meza na kalamu. Hakugombana nami. Ila siku ya kuhama kwake, nilipolibeba sanduku lake la vyombo nimpandishie garini, alilichukua mikononi mwangu taratibu. “Acha,” alisema. “Hii ni ya bantu ya mikono.”

Ya watu wa mikono, si wa kalamu: niliyabeba maneno hayo kwa muda mrefu kuliko ambavyo ningelibeba sanduku.

Injini nilikuwa nimeiona kwa mzungu mmoja mwenye bustani ya mboga nje ya mji. Ilikuwa ndogo, ya pampu ya maji, imetupwa chini ya banda na kuku wakilala juu yake. Nilikuwa na baiskeli nzuri, au kinga, kama tusemavyo kwetu. Nikafikiri hivi: Lukafu ni mbali, zaidi ya siku moja ya kukanyaga; malori huondoka Jumamosi asubuhi, saa za kazi, na kurudi katikati ya wiki; kuomba ruhusa na karatasi ya njia kwa mkuu wangu ni kujidhalilisha bure. Nikiiunganisha injini na kinga, nitatoka Jumamosi mchana na kurudi Jumapili jioni, wala sitamwomba mtu. Hayo ndiyo niliyojiambia. Nisilojiambia ni kwamba nilitaka baba asimame mlangoni aone kitu kikija kwa nguvu zake chenyewe, na juu yake mwanawe, na kitu hicho kiwe kimetoka katika mikono ya karani.

Nilinunua injini, nikaanza.

Kila Jumamosi mchana na kila Jumapili baada ya misa nilikaa uani na vyuma vyangu. Nilijifunza polepole, kutoka kitabu cha Kifaransa ambacho nusu ya maneno yake sikuyajua na kutoka injini yenyewe. Ilikuwa ya mipigo minne: pistoni hushuka ikivuta hewa na petroli, hupanda ikibana, husukumwa chini na mlipuko, kisha hupanda tena ikitoa moshi. Katika mipigo minne ni mmoja tu unaofanya kazi. Mitatu ni ya maandalizi. Niliwaza sana juu ya jambo hilo, kwa kuwa sikuwa na mtu wa kuzungumza naye. Kulikuwa na siku nzima za Jumapili ambazo sauti yangu niliitumia kanisani tu, katika kuitikia.

Jirani yangu, fundi cherehani, ndiye pekee aliyepita na kusimama.

“Bwana komi, iyi kinga yako iko na mimba ya miezi ngapi?”

“Itazaa karibuni.”

“Itazala nini? Pikipiki? Tufu-tufu? Angalia isikuzalie moto pa matako!”

Alicheka, akaenda kwa watoto wake. Nilimsikia akiwasimulia, nao wakicheka pia, na nikatamani arudi anitukane tena.

Mvua zilinyesha. Nilijiambia kwamba njia imeharibika, na ilikuwa kweli. Lori la samaki liliacha kuja, kisha likaanza tena, nami sikwenda kumngoja dereva wala sikutuma neno. Nilifunga injini chini ya fremu kwa vyuma viwili vilivyopindwa. Nilitafuta mkanda wa kinu kilichochakaa. Kwenye gurudumu la nyuma nilihitaji duara la kupokea mkanda. Nikachukua rimu ndogo ya kinga ya mtoto na kuifunga kwenye spoki kwa ribiti kumi na mbili, misumari mifupi ya kupondwa ncha zote mbili.

Ribiti hizo nilizitengeneza kwa shaba. Sikufikiri mara mbili. Katika mji wetu chuma hununuliwa, lakini shaba ipo tu: nyumba gani haina kipande cha waya mwekundu chini ya kitanda? Tuliziba nayo sufuria, tulifunga nayo milango, wanawake waliivaa. Inapondeka vizuri chini ya nyundo, inang'aa, na ribiti zangu kumi na mbili zilipendeza kama vifungo vya sare mpya. Karani yeyote angezifurahia.

Ikawa karibu na Pentekoste. Jumatatu yake ilikuwa sikukuu, na kwa kuwa karatasi ya njia, kibali cha kutoka mjini, ilihitajika hata kwa mwenye mashine yake, hatimaye niliingia kwa mkuu wangu. Aliniuliza ninakwenda wapi. Nikasema: kwa baba, anapofuka. Akatia sahihi bila kuinua kichwa, akaniuliza kwa nini sikuomba mapema. Haikuchukua hata dakika moja. Nilitoka na karatasi ile mkononi, nikahesabu miezi: minane.

Jumamosi mchana nilitoka mjini. Nilikanyaga, nikaachia mkanda ukaze, injini ikakohoa na kushika. Siwezi kueleza furaha ile. Watu wa mashamba ya Annexe, pembezoni mwa mji, walisimama na majembe yao kunitazama, na mimi, niliyekuwa sijatazamwa na mtu kwa miezi, niliwainulia mkono kama gavana. Jioni nililala kwa katekista mmoja njiani. Asubuhi njia ikaanza kuwa ya mawe, chini ya milima ya Kundelungu, na hapo ribiti ya kwanza ikakatika. Shaba ni laini. Kila mtikiso ulikuwa umeivuta kidogo. Baada ya ya tatu, nyingine zilifuatana upesi, na duara likalala upande likikwaruza spoki. Nilivua mkanda, nikafunga duara juu ya mzigo kwa kamba, nikakanyaga njia iliyobaki, injini ikiwa uzito mfu katikati ya magoti yangu.

Kwa hiyo nilifika kimya. Baba alikuwa amekaa kwenye kigoda mbele ya nyumba, akipukuchua mahindi. Nilisimama hatua kumi mbele yake, jua likiniangaza usoni. Vidole vyake viliendelea na kazi.

“Nani ule?” aliuliza baadaye kidogo.

“Ni miye, baba.”

Akaweka gunzi chini. “Ah. Umekuya.” Kisha: “Yalifunga mu mwezi wa mvua kubwa. Ya kuume njo ilifunga mwisho.”

Hakusema zaidi ya hapo juu ya macho, si siku ile wala baadaye. Alinusa hewa. “Unanuka petroli. Ulipanda lori?”

Nilimweleza. Akanyoosha mikono, nami nikaisogeza mashine mpaka ikamgusa. Aliisoma yote. Alianza na usukani, akashuka kwenye tangi, akazungusha kidole kwenye kila skrubu, akagonga silinda kwa ukucha na kusikiliza. Aliuliza kama mafuta yana tangi lake, mbali na petroli, nikasema yana. “Muzuri,” alisema. Nilikuwa nimesubiri neno hilo miaka mingi, na lilipokuja nilikuta halina kazi. Akafika kwenye gurudumu la nyuma, akapapasa kisiki kimoja cha ribiti.

“Hii ni shaba.”

“Ndiyo, baba.”

Alicheka mpaka akakohoa. “Shaba! Mutoto wa mugodi! Shaba ni ya kuuzishia bazungu, si ya kufungia kintu chenye kutikisika. Leta sanduku yangu, iko chini ya kitanda.”

Tulifanya kazi mchana mzima. Alichagua misumari ya chuma kwa kuigusa. Mimi nilishikilia, yeye alipiga. Kabla ya kila pigo aliweka vidole vyake juu ya vyangu kupata kichwa cha msumari, kisha akaviondoa. “Shika. Usitikise. Uko naogopa?” Hakunipiga vidole hata mara moja.

Nilingoja mikono ile imalize mashine ije usoni kwangu. Jioni, akila, aliuliza:

“Uko na ndevu sasa?”

“Kidogo.”

“Ah.”

Akanawa mikono. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake, na ningeweza kuuchukua mkono wake mimi mwenyewe na kuuweka shavuni pangu. Sikufanya hivyo. Leo nina mvi, na shahada ya chuo kikuu, na bado sijui kwa nini.

Jumatatu asubuhi aliniambia niwashe injini, asikie. Iliwaka kwa jaribio la kwanza. Aliinama, akasikiliza kwa makini, akasema valvu moja inalia, niiangalie nikifika. Nikasema nitaiangalia. Nikamwambia kwaheri, naye akajibu kwa upole, huku uso wake ukiielekea injini. Mimi nilikuwa nimesimama upande wa pili, nyuma yake.