Vumbi la Nyuma ya Sofa

Naandika haya uso ukiniwaka, na mkicheka sitawalaumu.

Dada yangu, ninayeishi naye hapa Nzuguni, alinunua sofa la mtumba lililotoka Ulaya. Mtaalamu wa afya, Mama Neema, akamwambia kuwa sponji za masofa hayo huwekwa dawa ya kuzuia moto, na dawa hiyo hutoka taratibu na kuingia kwenye vumbi. Mtoto wa dada anatambaa na kulamba vidole, hivyo dada alikosa raha. Mama Neema akaahidi kuja kuchukua vumbi letu akalipime.

"Msifagie mpaka nije," alisema.

Nilivumilia. Lakini asubuhi ya kuja kwake nilitazama sakafu nikaona haya. Mgeni apokelewe kwenye uchafu? Nikafagia, nikapiga deki, nikajisifu.

Gari liliponguruma nje ndipo nikakumbuka. Nikakimbilia uani, nikachota vumbi, nikalimwaga nyuma ya sofa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hamkufagia?"

"Hata kidogo," nilijibu nikitazama miguu yangu.

Dada akaingia, akamweka mtoto chini. Mama Neema akapiga magoti na brashi yake, kisha akainua punje ya mavi ya mbuzi.

"Kumbe mnalala na mbuzi?"

"Mbuzi ni wa jirani, hawaingii humu!" Dada akanigeukia.

Kabla sijapata uongo mwingine, mtoto alishafika kwenye ndoo niliyoisahau mlangoni. Akavuta tambara la deki, likichuruzika maji, akatuonyesha sote huku akicheka.