Nimepalilia shamba tupu kwa kuogopa kumwambia guka ukweli

Wakuu, sasa. Hii siwezi kusimulia nyumbani, so nawaletea nyinyi msionijua. Sijaongeza chumvi hata kidogo.

Niko na miaka 29. Guka yangu, baba ya baba, ana 84. Tunalima waru, yaani viazi, nusu eka hapa Bahati. Shamba ni lake, lakini mavuno ya msimu huu alisema ni yangu, nianze maisha.

Mwezi wa tatu, kabla ya tone la mvua, akaamua tupande kavu. Kwa wasiojua, hiyo ni kuweka mbegu kwa vumbi na kungoja. Mvua ikikuja mapema, unavuna kabla ya watu na soko ni lako. Ikichelewa, mbegu inanyauka huko chini.

Nikamwambia tungoje. Weather app ilikuwa inaonyesha jua tu.

Akaniangalia kwa huruma. "Wewe ukikosea, uko na miaka hamsini ya kusemwa. Mimi nikikosea, mtanisema mpaka lini?"

Tukapanda. Wiki mbili, jua kali. Kila asubuhi nilikuwa nafukua waru moja, naikagua kama daktari, nairudisha.

Halafu guka akaenda Longonot kwa harusi, siku mbili.

Hapo ndio akili iliniacha. Nilifukua nusu eka yote, nikajaza magunia, nikamuuzia Baba Ciru, jirani yetu. Plan ilikuwa mvua ikianza ninunue mbegu ingine. Risk management, nikajiambia. Nikarudisha matuta vizuri, hata kuku hangeshuku.

Mvua ikanyesha kesho yake. Kila mtu akakimbilia kupanda, mbegu ikaisha Bahati nzima.

Guka akarudi na furaha, akaweka stuli kando ya shamba, akakaa kungoja waru ziote.

Wiki ya nne, kwa majirani ni kijani, kwetu ni udongo. Nikasema labda ni baridi.

"Tuzipatie time," guka akasema. Akanituma nipalilie. Nikapalilia. Akanituma nipige dawa ya ukungu. Wakuu, nilibeba pump mgongoni nikapulizia udongo, mstari kwa mstari, na guka ananionyesha pale nimeruka. Mathe mmoja akasimama barabarani kuuliza tunafanya nini. Guka akamjibu tunalima.

Nilikuwa nakonda kwa aibu. Wiki ya saba nikashindwa. Nikachuchumaa kando ya stuli, nikamwambia kila kitu.

"Najua," akasema. "Baba Ciru alinipigia simu siku hiyo hiyo. Nikamwambia akulipe, apande haraka kwake, tutagawana mavuno nusu kwa nusu."

"Na mbona hukuniambia, guka?"

"Nilitaka kuona nani ataota kwanza."

Nilichojifunza? Nilidhani wazee ndio waoga, na sisi vijana ndio tuko na roho ya kujaribu. Kumbe mtu wa 84 ameweka kila kitu kwa vumbi na anakunywa chai, mimi wa 29 nafukua. Na hata kungoja amenishinda.

Miezi imepita, na sasa Baba Ciru anavuna Jumamosi. Guka amesema ile nusu bado ni yangu, niamue mwenyewe: niuze hapo hapo shambani, ama niweke stoo ningoje bei ipande.

Stuli ameshaihamishia kwa mlango wa stoo, na anakunywa chai hapo.

Wakuu, nyinyi mngefanya nini? Na mseme umri wenu kabla ya kunishauri.