Udongo Mweusi wa Bramwel

Ndugu yangu mdogo Bramwel alizaliwa na mkono wa kuchimba. Visima vya hapa Kabras, nusu alichimba yeye. Choo ya kanisa, yeye. Kaburi ya baba, yeye. Halafu wakaja wale wa kutafuta mafuta ya chini ya ardhi, wakamchukua mpaka Mandera, kwa jua ambalo hata mbuzi anajuta.

Pasaka ya mwaka wa uhuru akaja likizo na mifuko miwili ya udongo. Mtu anatoka safari analeta udongo! Mama alikuwa anangojea sukari.

"Dada, lete maji."

Mfuko mmoja ulikuwa na udongo mweusi; akauosha kwa chujio ya chai mpaka tope ikaisha, kikabaki kitu kama unga. Akanipa kioo chake cha kukuza. Woi! Vijumba kama vya konokono, vidogo kuliko punje ya wimbi, laini, vyembamba kama ganda la kitunguu.

"Hiyo ni wanyama wa bahari," akasema.

"Bahari Mandera? Wewe jua imekupiga."

"Ya zamani, kabla ya watu. Nchi ilivutwa huku na huku ikapasuka, katikati ikazama, bahari ikaingia. Maji ikawa na kina, imetulia. Hivi vidogo vikifa vinashuka polepole, vinalala kwa tope. Halafu nchi ikainuka tena, bahari ikapungua, ikaleta mchanga."

Akafungua mfuko wa pili. Mchanga wa njano, na magamba manene yamevunjika vunjika.

"Huu ndio wa juu, pale kambi yetu. Mweusi uko chini kabisa, huupati bila kushuka shimo kwa kamba."

"Na anayeshuka ni nani?"

Akacheka. Alichekanga tu. Kioo akaniachia.

Kabla mvua ya mwisho wa mwaka iishe, akaja Kimutai wa Lugari, mwenzake wa kazi. Akasema Bramwel alishikwa na homa, akafa, wakamzika vizuri karibu na kambi, na msalaba. Kwetu maiti ikikosa kurudi, tunazikanga mgomba mahali pake. Wazee wakaenda kuukata. Mama akawazuia.

"Mgomba sikuzaa mimi. Kimutai mwanangu, kama ulimzika, niletee udongo ya kaburi. Nimlaze kando ya babake, aache kutangatanga."

Kimutai akarudi na ule udongo siku watu walikuwa wakicheza ngoma ya bendera ya uhuru. Mama akaupokea ule mfuko kifuani kama mtoto. Tukafika kwa shimo tulilochimba kando ya baba, akaanza kumwaga. Udongo ulikuwa mweusi.

"Ngoja, mama," nikasema. Nikachukua konzi moja, nikaosha, nikaangalia kwa kioo. Vilevile vijumba laini.

"Kimutai, mlimzika wapi?"

"Karibu na kambi, dada."

"Kambi ni mchanga wa njano. Huu ni wa chini. Ndugu yangu yuko wapi?"

Akakaa chini mbele ya watu, mwanaume mzima.

"Shimo ilimwangukia. Wakubwa walikataa mtu mwingine ashuke. Wakarudisha udongo yote, wakasawazisha. Nimechota pale juu yake. Mama, udongo si wa uongo. Maneno ndiyo nilidanganya, nilikuhurumia."

Huruma! Mama alikuwa amemshukuru Mungu kila asubuhi kwa ule msalaba.

Mama akausugua ule udongo kwa vidole. "Hii ndiyo ilimfunika?"

"Ndiyo, mama."

"Basi ni yake. Wewe msichana, rudisha hata ule uliouosha. Na maji yake."

Nikamwaga. Tukafunika.

Kimutai alikuja miaka mingi, mama akampikia obusuma, ugali wetu. Mimi sikumsalimia, na akija kesho simsalimii.

Jioni moja, tukiwa tunachambua mboga, mama aliniuliza, "Wale wanyama wadogo, alisema walishuka polepole?"

"Ndivyo alisema."

Akachambua majani mawili matatu.

"Yeye hakushuka polepole."