Siku Niliyotibiwa Karatina Nikiwa Nyeri

Nilikuwa nimeketi ofisini Nyeri, kikombe cha chai mkononi, kompyuta iliponiambia kwamba natibiwa Karatina. Faili ilikuwa yangu: jina langu, mwaka wangu wa kuzaliwa. Mgonjwa amejikata mguu kwa jembe, kidonda kimeoza, ana homa kali na anaongea ovyo. Dawa: sindano ya penisilini. Mzio wa dawa: hakuna.

Nikaangalia mguu wangu. Ulikuwa mzima. Hapo ndipo nikajua nimefanya nini.

Kazi yangu ni kupanga jinsi kompyuta za kliniki zetu zinavyofanya kazi pamoja. Sheria ilikuwa kwamba badiliko lolote linalogusa kliniki zote lipitie kwenye kamati kwanza. Kamati hiyo ilinichosha jamani! Wiki tatu mtu anasubiri ruhusa ya kuhamisha kitufe. Nikalalamika mpaka nikaruhusiwa kubadilisha vitu vidogo bila kuuliza mtu. Kazi ikaenda mbio, nikasifiwa, nikavimba kichwa. Jumatatu ya wiki hiyo nikaunganisha faili zilizojirudia: jina moja, mwaka mmoja, basi ni mtu mmoja. Dakika kumi tu. Nilikiita kitu kidogo.

Na ni mimi niliyefanya hivyo, mimi niliyepewa jina la cucu, mama yake baba, kama alivyopewa binti wa kwanza wa kila ndugu wa baba! Kwetu Giakanja tuko watatu wa jina hilo, hata la ubatizo, na wawili tulizaliwa mwaka mmoja. Huyo mwenzangu penisilini nusura imuue tukiwa shule ya msingi. Nilikuwepo. Nilimwona akivimba uso na kutafuta pumzi. Sasa faili yangu ilikuwa imeimeza yake, pamoja na onyo la mzio wake.

Nikapiga simu Karatina. Nikakosea namba mara mbili. Sista, muuguzi wa zamu, akapokea, akasema, "Ngoja kidogo, niko na mgonjwa," kisha akaiweka simu mezani. Nikasikia trei ikigongwa, nikamsikia akisema, "Geuka upande, mami." Nikapiga mayowe: "Sista! Usimdunge! Woi, usimdunge!" Wenzangu wote wakasimama. Sijawahi kuogopa vile maishani, nikaanza kuomba kwa sauti mbele ya watu.

"Ati nini?" sista akauliza hatimaye. "Sindano iko hapa mkononi."

"Huyo si mimi," nikasema. Maneno ya kijinga, lakini ndiyo yaliyotoka. "Ni binamu yangu. Penisilini itamuua."

Akapewa dawa nyingine. Mimi nikazitenganisha faili zote siku hiyo hiyo, jasho likinitiririka, nikiogopa kila jina nililofungua. Kamati ilipokaa nilikiri mwenyewe. Tukakubaliana: sura ya skrini na ripoti nibadilishe hata leo, lakini swali la huyu mgonjwa ni nani, ambalo kila kliniki inalitegemea, lisubiri macho ya wengi, hata kwa wiki tatu.

Jumapili binamu alikuja kwetu akichechemea, amebeba kuku kwapani.

"Wajina," akaniambia machozi yakimtoka, "kama si wewe na hiyo mashine yako, saa hii mngekuwa mmenizika."

Mama akapiga makofi. Nikampokea kuku, nikasema asante. Mpaka leo sijamwambia.